Bunia: paka dume, godoro bichi na mtoto aliyesingiziwa

BUNIA – Kwa muda wa wiki tatu, godoro moja lilikuwa likitolewa nje karibu kila asubuhi katika parseli moja ya kartie Mudzipela. Lilikuwa likiegemezwa kwenye ukuta wa jiko, upande wa barabara, kwa sababu huko ndiko jua linakofika mapema. Aliyelibeba ni mtoto wa miaka tisa. Katika mji huu hakuna asiyejua maana ya mtoto kubeba godoro asubuhi, na watoto wa majirani waliokuwa wakipita na mabidoni yao kwenda kuchota maji hawakukosa wimbo wa kumwimbia.

Mtoto alikuwa na neno moja, akalirudia kila siku: "Si mimi. Shuka yangu iko kavu."

Hakuna aliyelishika neno hilo. Mtoto wa miaka tisa anayekojoa kitandani atasema nini kingine?

Huyo si mtoto wa nyumba ile. Alifika na mama yake na wadogo zake wawili kutoka teritwari ya Djugu. Kwanza walikaa miezi kadhaa chini ya bashi katika moja ya kambi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa mji, halafu kaka wa mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, akaenda kuwachukua. Tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, watu wa Bunia wamezoea kuona kambi kama Kigonze na ile ya ISP, na wageni wanaotoka mbali hupelekwa huko kupiga picha. Lakini wakimbizi wengi hawalali kambini. Wanalala kwenye saloni za ndugu zao, katika nyumba ambazo hazina kibao cha shirika lolote mlangoni, na ambako mfuko wa unga uliotosha watu watano sasa unalisha tisa.

Nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na saloni. Usiku saloni ilikuwa ya wageni: foteyi zinasukumwa ukutani, magodoro mawili yanalazwa chini. Alfajiri mama mgeni alikuwa wa kwanza kuamka. Alikunja mashuka, akasimamisha magodoro ukutani, akafungua mlango, akatoka na bidoni kwenda kwenye bomba kabla foleni haijawa ndefu. Hakutaka wifi yake aamke akute saloni bado imelala. Mtu anayekaa kwa wengine anahesabu vitu vidogo kama hivyo. Aliporudi na maji, ndipo alipokuta harufu, na ndipo alipokuta godoro la kijana wake limelowa, sehemu ya chini, karibu na pembe.

Kijana aliwahi kukojoa kitandani kambini, na zaidi ya mara moja, baada ya ile safari ya usiku kutoka kijijini ambayo hapendi kuizungumzia. Kwa hiyo mama yake hakuwa na shaka. Alimkemea, kisha akamnyima maji baada ya saa kumi jioni, kisha akamchapa. Mama mwenye nyumba, yeye, hakusema kitu. Alinunua kipande cha plastiki sokoni akakiweka juu ya foteyi bila neno, akasema tu, "Wifi, hii itasaidia." Alidhani anafanya wema. Lakini mgeni aliusikia ukimya ule kuliko ambavyo angesikia matusi, na katika wiki ya tatu alianza kufunga mizigo yake kidogo kidogo. Alikuwa ameamua kurudi chini ya bashi.

Mtoto naye alikuwa amefanya uamuzi wake ambao hakumwambia mtu. Aliacha kunywa maji kabisa kuanzia saa sita mchana. Midomo ikampasuka. Shuleni mwalimu wake alidhani ana malaria.

Katika nyumba hiyo kuna paka dume anayeitwa Kapita. Alipewa jina hilo akiwa mdogo kwa sababu alizunguka parseli nzima asubuhi na jioni kama kapita wa shamba anayehesabu vibarua. Alichukuliwa kwa ajili ya panya. Kabla yake panya walikuwa wakitoboa kila mfuko wa mahindi na wa unga, na mwaka mmoja walikula karatasi za mtihani za mwalimu, jambo ambalo wanafunzi wake walilifurahia sana. Kapita alimaliza kazi hiyo katika miezi miwili. Alipokaribia mwaka mmoja alikuwa paka mkubwa, kichwa kinene, sikio moja limechanika kwa ugomvi, na hakuna aliyemfikiria aliposikia harufu ya mkojo ndani ya nyumba.

Aliyemwona ni binti mkubwa wa nyumba. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa serikali, na kwa kuwa umeme haukuwepo, aliamka alfajiri kusoma kwenye kona ya saloni kwa taa ya telefoni. Shangazi yake alikuwa ametoka kuchota maji, mlango uko nusu wazi. Kapita aliingia kutoka matembezi yake ya usiku. Alifika kwenye godoro lililosimamishwa ukutani, akalinusa kwa muda mrefu, akafungua mdomo kidogo kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Kisha akageuka, akalipa mgongo, akasimama wima, mkia juu ukitetemeka kwenye ncha, na mkojo ukaruka nyuma yake kama kutoka kwenye bomba lililotobolewa. Sekunde mbili. Akaondoka polepole, kama shefu aliyemaliza kusaini karatasi.

Binti alienda kushika shuka lililokunjwa juu ya foteyi. Lilikuwa kavu.

Aliposimulia wakati wa chai, hakuna aliyecheka. Mama wa mtoto aliweka kikombe chini akatoka nje. Alikuwa amempiga siku mbili kabla.

Hapo ingefaa mambo yaishe, lakini kujua nani anakojoa si sawa na kumzuia. Wiki iliyofuata nyumba ile ilijaribu karibu kila kitu ambacho watu wa Bunia hujaribu, na karibu kila kitu kilikuwa kibaya.

Walimshika wakamsugua pua kwenye godoro. Walimpiga kwa kandambili. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa moja na mkojo wa saa kumi na moja. Anachojifunza ni kwamba mtu fulani ni hatari, na paka mwenye hofu hupiga mkojo zaidi. Walinyunyiza pilipili kwenye pembe za saloni, na aliyeteseka ni mtoto mdogo anayetambaa. Mama mgeni, akitaka kuonyesha kwamba anahangaika na usafi wa nyumba iliyompokea, alisafisha ukuta kwa odejaveli mpaka macho yakamtoka machozi na kifua kikambana. Kesho yake Kapita alipiga mahali pale pale, juu kidogo.

Hilo la odejaveli linafaa kusemwa polepole, maana ndiyo dawa inayokimbiliwa na kila mtu. Mkojo una amonia, na odejaveli ikikutana na amonia inatoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha wazi, au chini ya bashi, ni hatari kwa mtoto na kwa mwenye pumu. Na kwa pua ya paka, harufu hiyo kali haifuti alama yake. Inamchokoza aje kuiweka upya. Wengine hutupa vidonge vya naftalini kwenye pembe za nyumba. Hivyo ni sumu kwa paka, na ni sumu pia kwa mtoto anayedhani ni peremende.

Mwishoni mwalimu alichoka. Alimtia Kapita kwenye mfuko, akampa motari nauli ili amwache mbali, ng'ambo ya mto Nyamukau. Usiku wa tatu paka alirudi, mwembamba, na matope mpaka tumboni. Siku hiyo hiyo mzee mmoja jirani akasema ukutani, kwa sauti ya kusikika, kwamba paka anayerudi namna hiyo si paka wa kawaida, na kwamba kama mnyama wa nyumba anakojolea vitu vya wageni, basi mnyama ameona kitu ambacho watu hawajaona.

Maneno ya namna hiyo si mzaha Bunia. Kuna watu waliofukuzwa kwenye nyumba za ndugu kwa maneno mepesi kuliko hayo. Mama mgeni aliyasikia yote. Usiku huo alimaliza kufunga mizigo.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyemzuia, na hakumzuia kwa hotuba. Alikaa juu ya mzigo. Alisema hatainuka mpaka daktari wa mifugo aje, na kama daktari naye atasema ni ulozi, basi wataondoka wote wawili na nyumba ibaki kwa paka.

Daktari huyo alikuwa akifahamika kartieni kwa sababu huja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alikuja na motari, akanywa maji, na kabla ya kumgusa paka aliuliza maswali. Anakojoa akiwa amechuchumaa au amesimama? Chini au ukutani? Kidogo au dimbwi? Lini ilianza? Nani aliingia nyumbani siku zile, au nani alitoka? Na wapi hasa, kitu kwa kitu?

Swali la kwanza lina uzito. Paka anayechuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni ana shida nyingine: huenda ni mgonjwa, au hana mahali safi pa kujisaidia. Paka anayesimama, mkia ukitetemeka, na kupiga kitu kilicho wima, huyo anaweka alama. Dume asiyehasiwa huanza mambo hayo akikaribia au kupita miezi sita, na mkojo wake si kama wa jike. Ndani yake kuna kitu chenye salfa ambacho kinavunjika taratibu kwenye hewa, ndiyo maana harufu ya leo ni afadhali kuliko ya kesho. Jike naye anaweza kupiga ukuta, ila ni wachache.

Swali la mwisho ndilo lililobadilisha mazungumzo. Walitaja vitu kimoja kimoja: godoro la kijana, mfuko wa nguo uliotoka kambini, kitenge kilichofunika mizigo, rido ya mlangoni. Vyote, isipokuwa rido, vilikuwa vya wageni. Mama mgeni alikuwa wa kwanza kuliona hilo, akalisema mwenyewe kwa sauti ndogo: "Basi ni kweli. Anatukataa."

Daktari alikataa. Alisema kama paka angewakataa angekimbia au angejificha juu ya dari. Paka anaishi kwa pua. Nyumba yake ni harufu: anasugua mashavu yake kwenye miguu ya meza, kwenye mlango, kwenye sketi ya mama, na kila anapopita anajisoma yeye mwenyewe na anatulia. Siku moja akaingia akakuta saloni imejaa moshi wa kambi, udongo wa mbali, watu wanne asiowajua, na magodoro yanayolala na kusimama. Nyumba ikawa ngeni kwake. Alichofanya ni kuchanganya harufu yake na yao, mpaka asiwe tena mgeni kwake mwenyewe. "Anawaandika, mama," alisema. "Anawaandika kwenye kitabu chake cha parseli. Kalamu yake ndiyo mbaya."

Na rido? Hiyo ilikuwa ya dume mwingine. Kiwanja cha jirani kilikuwa kimepata nyumba mbili ndogo za mbao na mabati, wapangaji wapya, na paka wao. Kila usiku yule dume alikuja kunusa mlango wa mwalimu. Kartie ikibanana, paka nao wanabanana.

Dawa ilikuwa kumhasi. Mwalimu alipinga kwanza. Alisema dume akihasiwa anakuwa mnene, halali na panya wala haamki nao, na walimchukua kwa ajili ya panya. Hofu hiyo ina msingi katika mkoa huu. Tauni haijaisha Ituri. Inajitokeza tena na tena katika milima ya Djugu na Mahagi, pande za Rethy hasa, na inaanzia kwa panya na viroboto wao. Familia iliyotoka huko inajua kwa nini mtu anamvumilia paka. Lakini daktari alieleza kwamba paka aliyehasiwa bado anawinda, maana kuwinda hakutoki kwenye mapumbu; anayekuwa mvivu ni yule anayelishwa kupita kiasi, na katika nyumba ya watu tisa hatari hiyo ni ndogo. Kinachopungua ni ugomvi, kutembea mbali kutafuta majike, na mkojo ukutani. Kati ya madume kumi wanaohasiwa, karibu tisa huacha au hupunguza sana.

Aliongeza jambo moja kuhusu tauni ambalo watu wengi hawalijui: paka naye anaipata, kwa kula panya mgonjwa. Paka mwenye homa, aliyelegea, mwenye uvimbe chini ya taya, asibebwe na mtoto wala kulazwa kitandani. Na panya wakianza kufa wenyewe ndani ya nyumba, wasishikwe kwa mikono mitupu. Muuguzi wa kituo cha afya aambiwe siku hiyo hiyo.

Ikabaki pesa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameweka franka pembeni za kununua godoro jipya kwa ajili ya kijana. Wifi zake wawili, yeye na mgeni wake, walikaa jikoni wakahesabu. Godoro jipya lingepigwa mkojo wiki ile ile. Walikubaliana pesa ziende kwa paka, na hapo, watu wa nyumba wanasema, ndipo wale wanawake wawili walipoacha kuongea kama mwenyeji na mgeni. Walibishana bei na daktari kwa sauti moja.

Kapita alipasuliwa kwenye meza ya mwalimu, juu ya plastiki ile iliyonunuliwa kwa ajili ya foteyi. Sindano ya usingizi, kisu, dakika chache. Jambo hilo ni la daktari. Kuna wanaume vijijini wanaojua kuhasi mbuzi kwa wembe au kwa kufunga mpira, na wengine hutaka kumfanyia hivyo paka akiwa macho. Ni ukatili, na kidonda chake huoza. Kapita alilala mchana kutwa kwenye kartoni, akaamka akiyumba kama mtu aliyetoka kunywa kaikyo, akadai chakula.

Daktari alikuwa amewaonya wasitarajie muujiza. Nguvu za dume hazitoki mwilini siku moja; zinachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kazi ya ndani ilikuwa kubwa kuliko ile ya mezani, na yote ilifanyika kwa vitu vinavyopatikana soko la Bunia. Ukuta ulioshwa kwa maji baridi na sabuni ya unga, ukasuuzwa, kisha ukapanguswa kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Siki ilipokauka walinyunyiza bikaboneti, ile ya kulainishia maharage, wakaiacha usiku mzima. Nguo zilifuliwa namna hiyo hiyo zikaanikwa juani siku mbili. Mfuko wa nguo ulitundikwa kwenye msumari, na magodoro yakaacha kusimamishwa saloni: yanapelekwa chumbani kwa mwalimu asubuhi na mlango unafungwa. Mlango wa mbele haubaki wazi tena mtu anapokwenda bombani.

Godoro lenyewe halikupona. Mkojo uliozama ndani ya sponji hautoki kwa kuosha juu juu, na hili lilikuwa limelowa mara nyingi mno. Walikata kipande cha pembeni, upana wa kiganja na zaidi, wakakichoma mbali na nyumba, wakashona kitambaa kwenye kidonda. Sasa linamtosha kijana akilala amejikunja.

Halafu kulikuwa na mambo mawili ambayo mwalimu aliyadharau na ambayo yalisaidia. Sahani ya Kapita ilihamishwa kutoka jikoni ikawekwa kwenye ile pembe ya saloni aliyopenda kuipiga, kwa sababu paka hapendi kuchafua mahali anapokula. Na kila jioni mtu alipaswa kuchukua kitambaa kikavu, kumsugua paka taratibu kwenye mashavu, kisha kupangusa kitambaa hicho kwenye pembe, kwenye foteyi, na kwenye mizigo ya wageni, kwa kimo cha paka. Ile harufu ya mashavu ni alama ya amani. Mahali palipo na hiyo, mara nyingi haongezi ile nyingine.

Mtu huyo alipaswa kuwa kijana. Daktari hakumchagua, ni binti wa nyumba aliyesema kwamba yeye ndiye mwenye deni la kulipwa, na paka ndiye mdaiwa, basi wakutane. Kijana alikataa. Alikuwa anamchukia Kapita, na kwa haki yake yote.

Kuhusu wale wasio na pesa za daktari, na wako wengi kambini wenye paka chini ya bashi kwa sababu hiyo hiyo ya panya: kusafisha namna hii kunawezekana bila siki, kwa maji baridi, sabuni na jua, na jua ndilo tunalo bure. Mfuko wa chakula usigusane na bashi, maana bashi ndiyo ukuta na ndiyo itakayopigwa. Uwekwe juu ya matofali katikati. Kopo lenye mchanga au majivu liwekwe pembeni na kusafishwa kila siku, hasa usiku ambapo paka hawezi kutoka. Paka wa jirani afukuzwe mlangoni, si yule wa ndani. Na mwenye mimba asishike mavi ya paka kwenye kopo hilo. Kazi hiyo afanye mwingine. Kuna jambo moja lisilongoja: dume anayejikaza, analia, na hakuna mkojo unaotoka. Huyo njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kapita alipiga mkojo mara nne katika wiki mbili za kwanza baada ya kupasuliwa, mara moja katika wiki ya tatu. Usiku mmoja risasi zilisikika mbali, upande wa kaskazini, watu wakaamka wakakaa gizani bila kuwasha telefoni. Asubuhi rido ilikuwa imelowa. Mama mgeni aliivua, akaiosha, akaitundika tena, na hakuna aliyesema neno juu ya paka.

Usiku ule ule kijana naye alikojoa kitandani. Safari hii ilikuwa kweli, na shuka lilikuwa bichi. Alikuwa amelikunja na kulificha nyuma ya foteyi, na ni mama mwenye nyumba aliyelikuta. Muuguzi waliyemuuliza baadaye alisema mtoto aliyekimbia vita anaweza kukojoa kwa muda mrefu, kwamba kumnyima maji hakumponyi, na kumpiga kunaongeza. Lakini asubuhi hiyo walikuwa hawajamuuliza muuguzi yeyote. Mama mwenye nyumba alilifua shuka mwenyewe akalianika nyuma ya jiko, mahali ambapo barabara haioni. Godoro likafuata huko huko.

Jioni mama wa kijana alimwita nje, wakakaa kwenye kizingiti. Aliomba msamaha. Kwa watu wetu mzazi haombi mtoto msamaha hivi hivi, na hakujua aanzie wapi. Alianza kwa kusema shuka ilikuwa kavu, kwamba alikuwa ameishika mwenyewe kila asubuhi akiikunja, kwa mikono yake, na mikono ilijua. Kijana alisikiliza akichora chini kwa kijiti. Akauliza kama anaweza kunywa maji.

Alikunywa vikombe viwili. Kisha akachukua kile kitambaa kilichokuwa kimetundikwa karibu na mlango, akaenda kumtafuta Kapita.